Makonyo Katika Mpeta

Msimu wa karafuu ulipoingia Mgogoni, Khairiya hakuhitaji kusukumwa na mtu. Alikwenda skuli asubuhi, na masomo yakiisha alikamata pakacha lake akaelekea mashambani kuokota mpeta. Mpeta ni karafuu zinazoanguka zenyewe chini ya mikarafuu. Kwa desturi ya watu wa pale, wachumaji wakishaondoka, mpeta ni halali ya yeyote mwenye mgongo wa kuinama. Sharti lilikuwa moja tu: mkono ukigusa tawi, hiyo si mpeta tena, ni wizi.

Mwaka ule ulikuwa wa siasa, na siasa iliwaingia watu wa Mgogoni kama upele. Wa chama hiki hawakununua kitu dukani kwa wa chama kile. Hawakuchota maji pamoja, hawakualikana harusini, na ubaya zaidi, hawakuzikana. Baba yake Khairiya alipofariki, jirani yao Mzee Matano hakuja hata kulishika jeneza, kwa sababu marehemu alikuwa wa chama kingine. Jambo hilo lilimchoma Khairiya kila alipopita mlangoni kwa mzee huyo.

Desturi ya mpeta peke yake ndiyo iliyonusurika. Matano alikuwa mkali kama pilipili, lakini waokotaji wa vyama vyote waliingia shambani kwake na hakuwazuia. Bi Mwatima, mjane asiye na mtoto, alikula kwa mpeta huo. Msimu ukipita bila yeye kuokota, chungu chake hakipandi jikoni.

Siku hizo mama yake Khairiya, Bi Mwanakhamis, alikuwa Pujini akimuuguza dada yake. Khairiya alibaki na ami yake, Mbarouk, mtu wa maneno mengi na jembe jepesi.

"Pakacha zima umetia kiganja kimoja?" Mbarouk alimuuliza jioni moja. "Na matawi ya Matano yameinama mpaka chini?"

"Yale si mpeta, ami. Nikiyagusa n'taiba."

"Utamwibia nani? Yule aliyekataa kumzika baba yako? Mali ya adui haiwi wizi, yakhe. Hiyo ni ngawira."

Neno hilo lilimkaa Khairiya kichwani. Alimkumbuka baba yake, akamkumbuka Matano aliyekaa barazani kwake huku jeneza likipita, akaona kweli, anastahili.

Kesho yake alasiri, wachumaji walipokuwa upande wa pili wa shamba, alivuta tawi la kwanza, kisha la pili. Karafuu mbichi zilijaa upesi. La tatu lilikataa kuinama, naye akalivuta kwa hasira, likavunjika kwaa! Alitandaza mpeta kidogo juu ya pakacha kuficha zilizokuwa chini, akaondoka mbio. Njiani alikutana na Bi Mwatima anakuja.

"Zimo, mwanangu?"

"Zimo, bibi," alijibu bila kumtazama usoni.

Mzee Matano aliporudi upande ule alilikuta tawi lililovunjika, majani yake bado mabichi, na chini ya mkarafuu ule yupo Bi Mwatima peke yake. Hakuuliza. Alimnyang'anya pakacha lake, akatoka nalo akalimwaga njiani.

"Mwizi! Mguu mmoja umo kaburini, na mkono bado umo mtini kwangu! Tawi hili lingenizalia miaka mingapi? Basi kuanzia leo shambani kwangu hakanyagi mtu. Mpeta na uoze!"

"Wallahi sikugusa tawi, Matano," alisema Bi Mwatima. "Sikugusa mie."

Watu walikusanyika. Bi Mwatima alipiga magoti akaanza kuzichambua karafuu zake kwenye vumbi, moja moja. Khairiya alikuwemo katika kundi lile. Alitaka kusema, lakini alirudi nyuma ya migongo ya watu. Mbarouk alikwishaziona karafuu mbichi alizoanika Khairiya uani, akajua vyema nani aliyevunja tawi, na bado alipiga kelele kuliko wote.

"Mnaona wanavyowadhalilisha mama zetu? Mnaona? Mtanyamaza mpaka lini?"

Basi vijana wa upande wake wakaenda kuchukua bakora, na wengine wakafuata mapanga. Watu wa upande wa Matano nao wakakimbilia makwao kuchukua yao.

Bi Mwanakhamis alirudi kutoka Pujini jioni ile ile, akakuta kelele njiani na karafuu uani. Hakuketi. Aliinama juu ya jamvi zilipoanikwa karafuu za Khairiya, kisha akatazama pembeni, palipokuwa na fungu la makonyo, yale matawi madogo yanayoshika vichwa vya karafuu.

"Khairiya, karafuu hizi za wapi?"

"Mpeta, mama."

"Mpeta huanguka kichwa kitupu, kikonyo kikabaki mtini. Makonyo haya yametoka wapi?"

Khairiya aliangua kilio. Alieleza yote, mpaka la tawi, mpaka la Bi Mwatima.

"Mwache mtoto, shemeji," alisema Mbarouk aliyesimama mlangoni, bakora mkononi. "Ile ni ngawira."

"Ngawira ya vita gani, Mbarouk? Kumvizia mtu akiwa upande wa pili wa shamba lake ndiyo vita? Na Bi Mwatima je, naye adui? Unataka watu wakatane mapanga kwa uwongo unaoujua wewe!"

Alimwamrisha Khairiya azoe kila kitu, karafuu na makonyo yake, ajitwishe. Wakapita wawili hao katikati ya watu wenye bakora, mpaka mlangoni kwa Matano.

"Hodi!"

"Hodi ya nini? Hapa si kwenu," alijibu Matano.

Khairiya alitua pakacha chini. "Mzee Matano, tawi nimelivunja mie. Bi Mwatima alikuja baadaye."

Matano alitazama makonyo, akamtazama mtoto.

"Mtoto wa nyoka ni nyoka," alisema.

"Tukana utakavyo," alijibu Bi Mwanakhamis. "Sikuja kutafuta urafiki. Hukumzika mume wangu, na hilo n'takudai mbele ya Mungu. Lakini karafuu zako ni zako."

"Na tawi langu?"

"Sema unachotaka."

"Atakuja kunichambulia karafuu mpaka msimu uishe."

"Atakuja. Na wewe ulimwaga pakacha la Bi Mwatima mbele ya watu hawa. Kalijaze mbele ya watu hawa hawa."

Matano hakupenda, ilionekana usoni. Mwisho alilinyanyua pakacha la Khairiya, akamwendea Bi Mwatima, aliyekuwa bado anachambua pale njiani, akammiminia mpaka pakacha lake likajaa.

"Nimekukosea," alisema kwa sauti iliyosikika na wote. "Mpeta uokote kama zamani, wewe na kila mtu."

Bi Mwatima alijitwisha pakacha lake akaenda zake. Waliokuja na mapanga walitazamana, kila mmoja akijuta kuja nalo, wakaanza kutawanyika.

"Umetuaibisha mbele ya mahasimu," Mbarouk alinung'unika walipofika nyumbani.

Bi Mwanakhamis alimkalisha binti yake mbele yake.

"Sikiliza, mwanangu. Amri ya usiibe Mungu alimteremshia Nabii Musa zamani, kabla ya vyama hivi, kabla ya babu zetu na babu zake Matano. Mayahudi wanayo, Wakristo wanayo, na sisi Waislamu tunayo. Haikusema usimwibie unayempenda tu. Kutomwibia rafiki ni rahisi, kila mtu anaweza. Amri ile imewekwa hasa kwa ajili ya huyu tusiyempenda, maana kwake ndiko mkono unakotafuta sababu. Na ukimwibia yeye, hujui nani atakayelipa. Leo alilipa Bi Mwatima."

Khairiya alifuta machozi. "Na kesho nikimwamkia Mzee Matano asinijibu?"

"Hatakujibu. Wewe mwamkie, kisha ukae uchambue karafuu zake."