CD ya Shimba Iliyorekebishwa

Jioni ile nilifunga saluni mapema. Umeme ulikuwa unakatika na kurudi, na mteja mwenye dawa kichwani hawezi kungoja umeme. Nikapitia kwa Obedi, kwenye kibanda chake cha muvi, nimchukulie mama CD. Ilikuwa kazi yangu ya kila Jumamosi.

Mama yangu, Celestina, miguu ilimgomea tangu alipopooza. Anashinda kwenye kochi sebuleni kwetu Butimba, na burudani yake ni muvi za kutafsiriwa. Siku hizi watu wanaingiziwa muvi kwenye flashi. Mama hataki kusikia. Ana deki yake, ana CD zake, na ana mtafsiri wake mmoja tu: Shimba.

Huyu Shimba alikuwa anachukua muvi ya Kichina, anaongea juu yake kwa Kiswahili chetu cha huku, anaigiza kila mtu mpaka farasi. Na alikuwa na mbwembwe moja. Katikati ya muvi anasimamisha picha, anasema: "Kabla huyu jambazi hajafa, niwasalimie wakubwa zangu. Shikamoo mama! Shikamoo baba!"

Na wazee wanaitikia. Kweli kabisa, wanaitikia! Mama hakuwahi kuiacha ile shikamoo ipite bure. Nilikuwa namcheka.

"Mama, unaitikia televisheni?"

"Mtoto wa watu kanisalimia," ananijibu. "Ninyamaze kama sina adabu?"

Obedi alinipa CD yenye kava jekundu. "Chukua hii. Ndiyo aliyokuwa anaifanya kabla ya kuzama."

Habari hiyo niliijua, nani hakuijua? Shimba aliitwa visiwa vya huku ziwani kwenda kuwaonyesha muvi wavuvi wa dagaa, mtumbwi ukapinduka. Wenzake waliopolewa. Yeye hakuonekana, hai wala maiti, na mpaka leo hakuna kaburi lake. Nikaichukua CD, nikanunua na mkate, nikaenda zangu nyumbani.

Tuliiweka baada ya kula. Ilikuwa muvi nzuri, mama anacheka mpaka anashika mbavu. Halafu picha ikasimama. Farasi mguu juu.

Safari hii Shimba hakupaza sauti. Aliongea taratibu, karibu, kama mtu aliyeinama kukunong'oneza.

"Shikamoo mama..."

"Marahaba, baba," mama akaitikia. "Karibu."

Kimya.

Farasi mguu juu vilevile. CD imekwama. Nikabonyeza rimoti, haikusikia. Nikaizima deki, nikaiwasha, farasi ni yuleyule. Mwisho nikachomoa waya ukutani, na televisheni ikawa nyeusi.

Ndipo lile kochi la pili lilipolia.

Lina springi mbovu. Huwa linalia mtu mzito anapokaa. Hakukuwa na mtu. Lakini mto wake ulikuwa umebonyea, na sebule nzima ilinuka tope na dagaa mbichi...

"Justa," mama akasema, "mbona umesimama? Mletee mgeni kahawa."

Sisi ni Wahaya. Kwetu mgeni anapewa kahawa ya kutafuna, zile punje kavu, hata kama ndani hakuna kingine. Nilileta kibakuli, nikakiweka mezani, nikakimbilia chumbani. Ndiyo, nilikimbia. Asubuhi mama alikuwa palepale, macho makavu, na mezani kulikuwa na maganda ya kahawa yametafunwa. Yamelowa.

Kuanzia hapo mama hakula.

"Mgeni hajala, nile mimi?" anasema. Nikiweka sahani mbili, anangoja ile ya pili iguswe. Haiguswi. Nikimwambia akalale, anashangaa. "Nimwache mtu sebuleni peke yake?" Nilimbeba kwa nguvu nikampeleka hospitali, wakamtundikia dripu. Usiku wote aliomba radhi kwa mtu wa pembeni ya kitanda, kwamba hapa si kwake, angekuwa kwake angemkaribisha vizuri. Shuka upande ule lilikuwa linachuruzika maji. Muuguzi alinigombeza, akidhani mimi nimemwaga.

Walipomruhusu alirudi kwenye kochi lake, amebaki mifupa. Nilimwona mama yangu anakufa kwa heshima tu, kwa sababu alilelewa vizuri. Sijawahi kuogopa hivyo maishani. Wala sijawahi kukasirika hivyo.

Hasira zile nilizipeleka kwa Obedi. Nilimtupia CD yake kifuani.

"Umenipa nini?"

Akachungulia nje kwanza, akavuta pazia la kibanda. Sauti yake ikashuka.

"Imegandia wapi?"

"Kwenye salamu."

"Mama aliitikia?"

Alinisoma usoni.

"Basi hiyo ni mbovu, dada," akanong'ona. "Nimesikia habari zake. Kuna mzee mmoja kule Magu walimkuta amekaa kitini, ameshakauka, mbele yake vikombe viwili vya chai. Naye aliitikia."

"Ulijua ukanipa?"

"Haki ya Mungu sikujua kama ni hiyo. Kava ni moja. Lakini sikiliza... wanasema ipo iliyorekebishwa. Kwenye hiyo Shimba anasalimia, halafu anaaga. Mgeni akishaaga si anaondoka? Mbovu imekatika kabla ya kuaga, ndiyo maana anabaki amekaa."

Nilitamani kumzaba kofi. Badala yake nilimwuliza iko wapi.

"Kwa mjane wake. Usagara."

Niliondoka siku ileile. Mama nilimwachia jirani, mama mtu mzima aliyekubali kukaa naye kwa sharti moja: yeye akae nje barazani.

Mjane anaitwa Hellen. Nyumba yake iko nyuma ya maduka ya pale njia panda, madirisha yamefungwa mchana kweupe. Ni mkubwa wangu kwa umri, kwa hiyo nilipofungua mdomo, shikamoo ilikuwa imeshafika kwenye ulimi.

Akaruka akanifunika mdomo kwa kiganja chake.

"Usinisalimie," akasema. "Humu hatusalimiani tena."

Nilimweleza kilichonileta. Alisikiliza huku anatazama mlango wa chumba cha nyuma. Ulikuwa na kufuli kubwa.

"Hiyo muvi hakuimaliza," akasema polepole. "Wale wa visiwani walimpigia simu akiwa ametoka kusalimia. Akaniambia, naenda mara moja, nitamalizia nikirudi. Huku nyuma watu wakaja kuchukua mzigo, wakachoma CD hivyohivyo ilivyo. Wakaziuza."

"Kwa hiyo iliyorekebishwa aliifanya lini?"

Hellen alijifunga khanga vizuri kabla ya kujibu.

"Jioni moja nilimsikia humo ndani. Anatafsiri. Anaigiza farasi, anacheka kile kicheko chake... Tayari tulikuwa tumemaliza matanga. Kufuli lilikuwa mlangoni na ufunguo ninao mimi, hapa kifuani. Kulipokucha nikafungua. Nikakuta CD kwenye mashine, imelowa, na sakafuni tope."

Nilimkumbuka mama anavyokodolea ile sahani ya pili.

"Amemalizia?"

"Ameendelea," akasema Hellen. "Kama amemaliza sijui. Mimi sijathubutu kuisikiliza mpaka mwisho."

Alinichomea nakala pale sebuleni, mkono wake mwingine umeziba sikio. Juu ya CD akaandika kwa kalamu nene: NZIMA. Hakunisindikiza hata mpaka mlangoni, nami nikamwelewa.

Nilifika Butimba jua linazama. Jirani aliniona tu akashika njia yake. Ndani, harufu ya tope ilikuwa nzito hata kupumua shida. Mama midomo imepasuka, amejitahidi kukaa wima, anatabasamu kuelekea kochi la pili.

"Justa kaja," akamwambia. "Sasa atatupikia."

Nikaweka CD. Nikaipeleka mbele mpaka kwenye farasi. Mguu ukapanda juu, ukasimama.

"Shikamoo mama..."

Niliuziba mdomo wa mama kwa kiganja kabla hajaitikia. Picha ikatetemeka kidogo. Kisha, kwa mara ya kwanza, sauti ikaendelea.

"Basi mama, asante kwa kahawa. Mmenikarimu sana."

Ile kahawa aliijuaje?

"Naomba niage sasa, jioni imeingia."

Nililia machozi ya furaha, nakwambia. Kochi la pili lililia springi zake, mto ukanyanyuka. Ameondoka, nikasema. Mungu mkubwa, ameondoka!

"Nisindikize kidogo, mama."

Kimya.

CD imekwama tena.

Mama akanitoa mkono. Akaweka miguu chini. Miguu ile ambayo daktari alishaikatia tamaa, mguu mmoja, halafu wa pili. Akasimama. Akajitengeneza kitenge, akapitisha mkono wake hewani kama aliyeshikana na mtu, wakaanza kuelekea mlangoni.

"Mama!"

"Nafika hapo njiani tu, mwanangu. Narudi."

Nilimkumbatia kiunoni nikavuta. Mifupa mitupu, lakini alinikokota mimi mzima mpaka kwenye kizingiti. Huko nje njia yetu inateremka moja kwa moja hadi ziwani.

Nilichofanya baadaye sikukifikiria. Ndivyo tulivyolelewa nyumbani, mimi na ndugu zangu: mgeni wa mama akiaga na mama amechoka, anatumwa mtoto. Tulisindikiza mashangazi, mapadri, mpaka wauza sufuria.

"Mama, wewe kaa," nikasema. "Mgeni nitamsindikiza mimi."

Akasimama. Akafikiri. Akamgeukia yule wa pembeni yake, kwa heshima zote.

"Haya baba. Nenda na Justa, mimi miguu mibovu."

Magoti yakamwishia palepale. Nilimdaka, nikamrudisha kwenye kochi. Alinitazama, na macho yalikuwa ya mama yangu kabisa, yule wa zamani.

"Justa, nina njaa," akasema. "Kuna nini jikoni?"

Nikamsogezea mkate na chai. Nikatoka.

Mkono wangu wa kulia ukawa wa baridi, tangu kiwiko hadi vidole. Pembeni yangu kandambili zilizolowa zikaanza kutembea.

Chwa... chwa... chwa...

Tulipita bustani za mchicha, tukapita nyumba za watu, mwanamke mmoja akiwa anaanua nguo zake. Aliniona. Akamwangalia na niliyekuwa naye, au labda aliangalia tu mahali pale. Akaziacha nguo kwenye kamba, akaingia ndani. Nilingoja mgeni aseme lile neno ambalo kila mgeni analisema. Hata ukimsindikiza mtu kwa moyo mmoja, yeye mwenyewe ndiye anayekugeuza: basi, hapa panatosha, rudi. Bila hilo huwezi kumwacha njiani, ni kumtukana.

Hakusema.

Tukafika kwenye magugu maji. Hakusema. Maji yakanifika kwenye vifundo vya miguu, ya uvuguvugu, na mbele huko taa za wavuvi wa dagaa zilikuwa zinawaka. Nikasimama kwa kulazimisha. Chwa... mara moja tena, mbele yangu. Halafu mkono ukapata joto, na nikabaki peke yangu. Nilirudi mbio. Mama alikuwa amemaliza mkate wote na anauliza kama nimenunua ndizi.

Nilidhani yamekwisha.

Kesho yake, jua linazama, mama akaita kutoka sebuleni. "Justa, mtu anakungoja mlangoni."

Nilikataa. Nikajifungia chumbani, nikawasha redio mpaka mwisho. Kisha nikasikia kitu cha ajabu sebuleni, sauti ya miguu inawekwa sakafuni. Mguu mmoja. Halafu wa pili.

Nikatoka. Nikasema, "Mama, kaa. Nakwenda mimi."

Tangu hapo nakwenda. Tunapita palepale, na tukifika majini haniachi pale aliponiacha jana, ananisogeza mbele kidogo. Mama amenenepa. Anacheka na muvi za watafsiri wengine, na akisalimiwa humo anaitikia, sina nguvu ya kumkataza. Ananiuliza kwa nini saluni nafunga mapema, na nguo zangu kwa nini haziishi kuanikwa.

Nilirudi Usagara kutafuta CD nyingine, ile ambayo Shimba anaaga mpaka mwisho, anamwambia mtu panatosha, rudi. Hellen alinisikiliza kupitia upenyo wa dirisha. Hakufungua. Nyuma yake, chumbani, kuna mtu alikuwa anaigiza farasi.

"Bado anarekebisha," akaninong'oneza. "Jioni nyingine anafanya, nyingine hafanyi. Vumilia, mdogo wangu. Ikitoka nitakupigia."

Simu naweka karibu hata nikiwa naosha kichwa cha mteja. Haijalia. Sasa hivi naandika haya jua limeshaanza kuwa jekundu, na mama amezima televisheni asikilize mlangoni.

Jana maji yalinifika kifuani. Na mimi si mrefu.