Kipima Upepo Kilichofungwa Kamba

Kila anapotoka shule, Chiriku huweka mkoba, huosha vyombo, na kupiga soga mpaka sufuria zichoke kumsikiliza. Ndiyo sababu shangazi yake alimpa jina hilo. Lakini siku hiyo mdomo wake ulikuwa mzito.

Shangazi alifundisha watu kuteleza majini juu ya ubao, wakivutwa na tiara kubwa. Nyumba yao ilikuwa kilimani, na kwenye paa alisimika kipima upepo: vikombe vitatu vilivyozunguka na kutuma takwimu kwenye simu yake. Upepo wa huko ulianzia kilimani, kisha ukashukia ufukweni. Vikombe vikienda mbio, Shangazi alijua kinachokuja kabla maji hayajatikisika.

Shida ni kwamba kililia. Uuu, uuu, kama mtu aliyesahauliwa kisimani. Asubuhi ile Chiriku, kwa kuchoka kuogopa, alipanda ngazi akavifunga vikombe kwa kamba ya kiatu.

Sasa kulikuwa kimya kupita kiasi. Hata ndege hawakulia. Pazia lilivimba, likasimama kama lina mtu ndani. Halafu mlingoti wa kipima upepo ukaanza kugonga bati: ko, ko, ko, kama anayebisha hodi kutoka juu.

Kule chini bahari ililala kama mafuta. Shangazi alikuwa ametandaza tiara kubwa kuliko zote, ile ya upepo mdogo.

Chiriku alirukia simu ya mezani. "Shangazi, usiingie majini!"

"Acha utani wako. Takwimu zinasema sifuri."

"Ni uongo! Nilikifunga mimi. Kilikuwa kinanitisha."

Simu ikakatika.

Dirishani, Chiriku aliona nyasi za mteremko zikilala, mstari mmoja, kana kwamba kitu kisichoonekana kinakimbilia ufukweni. Tiara ikaruka. Ikapanda, ikapanda, kamba zake zikining'inia. Hakuna aliyeishikilia.

Shangazi alirudi amejaa mchanga mpaka kwenye nyusi.

"Kitendawili," alisema.

"Tega," Chiriku alinong'ona.

"Hana miguu, ameshuka kilima. Hana mikono, kaninyang'anya tiara."

"Upepo. Nisamehe, Shangazi."

Upepo ulipotulia, walipanda pamoja wakaifungua kamba. Uuu! Chiriku aliushika mkono wa shangazi yake kwa nguvu.

"Hata mimi kipima hiki hunitisha," Shangazi alisema. "Ukiogopa, niambie, tuogope wawili. Ukikiziba mdomo, hatari haiondoki, mwanangu. Inakuja bila hodi. Tiara imekwenda, lakini ukweli wako ulinifikia kabla ya upepo. Ndiyo maana unaniona hapa."