Maneno ya Mzee Nyuzi

Jumamosi ile, saa nne asubuhi, soko la Majengo lilikuwa limefurika. Bajaji zilipenya katikati ya magunia ya mahindi, wauza vitunguu walishindana kwa sauti, na kila kibanda kilikuwa na spika yake na wimbo wake. Katikati ya kelele hizo Loisi alisikia gitaa.

Halikuwa gitaa la kwaya wala la dansi. Lilikuwa gitaa la roki, lenye mkwaruzo, na Loisi alilijua. Ilikuwa albamu ya kwanza ya Wapangaji, vijana wanne wa Nairobi waliorekodi nyimbo zao chumbani bila kampuni yoyote nyuma yao. Dodoma nzima, kwa hesabu yake, watu wanaoijua albamu ile wangeenea kwenye benchi moja.

Akaifuata sauti mpaka kwenye kibanda cha karanga. Alikuwa amevaa gauni la kitenge cha bluu na raba nyeupe, na aliziinua raba zile kwa uangalifu zisikanyage maganda. Nyuma ya magunia alisimama kijana mrefu, shati jeupe limekunjwa mikono hadi kwenye viwiko, vumbi jekundu la karanga kwenye nyusi.

"Karibu, dada. Za kukaanga au za kusaga?"

"Nimekuja kwa ajili ya hao wanaoimba."

Kijana akatabasamu taratibu. "Unawajua?"

"Nakuuliza wewe."

Akajifuta mikono, akasimama wima kama mwanafunzi aliyeitwa mbele ya darasa. "Mwimbaji ana sauti ya mtu aliyeamshwa na mafua, lakini ndiyo maana unamwamini. Angekuwa mzima wa koo, angekuwa mwongo."

Loisi aliyakanyaga maganda bila kutazama.

Maneno yale yalikuwa yake. Aliyaandika yeye mwenyewe miezi minne iliyopita.

Kwa muda wa miaka miwili Loisi alikuwa na ukurasa mtandaoni ambako kila Jumamosi alitoa maoni yake juu ya albamu moja ya roki, hasa za zile bendi ndogo zinazojirekodi zenyewe. Aliandika kwa jina la Mzee Nyuzi. Baba yake, mwinjilisti Luka wa Mpwapwa, aliamini kwamba muziki wa magitaa yanayolia namna ile unamwita shetani kwa jina, na Loisi mwenyewe alikuwa sauti ya kwanza katika kwaya ya kanisa la mtaani kwake, Chang'ombe. Siri hiyo aliijua mtu mmoja tu, Restuta, waliyekaa naye meza moja kazini.

Kazi yao ilikuwa kunakili hotuba za wabunge. Walivaa vipokea sauti masikioni wakaandika kila kilichosemwa, na aliyekisema. Neno bila mwenyewe halikuingia kwenye kumbukumbu. Miaka sita ya kazi hiyo ilikuwa imempa Loisi masikio ambayo hayakusahau sentensi.

"Wazo hilo ni lako?" aliuliza.

"Ndiyo ninavyousikia," alijibu kijana. "Naitwa Obedi. Wa Kibakwe."

Loisi alinunua karanga ambazo hakuzihitaji, akaondoka. Alipofika kwenye bajaji alikumbuka kwamba amempa namba yake ya simu.

* * *

"Huyo amekuchunguza," alisema Restuta Jumatatu. "Amejua wewe ndiye Mzee Nyuzi, anakutega."

"Anitege kwa nini?"

"Kwani mimi ndiye niliyempa namba?"

Obedi alipiga jioni ile ile. Alikuwa mchangamfu, mwenye utani, na alijua kusikiliza. Wiki ya pili alimwita "mama." Wiki ya tano alimwita "mpenzi," akakohoa kidogo baada ya kulisema, kama mtu aliyemeza kitu cha moto. Walikutana Jumapili baada ya ibada, wakala kuku wa kuchoma chini ya mwavuli wa mgahawa, Obedi na shati lile jeupe lililopigwa pasi hadi likakakamaa.

"Leo umependeza, Loisi. Hilo vazi la kwaya au la kuniua?"

"La kwaya. Wewe ukifa ni kwa mapenzi yako."

Walicheka. Lakini kila walipofika kwenye muziki, Loisi aliacha kucheka akaanza kusikiliza kwa masikio ya kazini.

"Albamu ya pili ya bendi," Obedi alisema siku moja, akionyesha kwa paja la kuku, "ni kama mtihani wa marudio. Wengi hujibu swali la mwaka jana."

Hiyo ilikuwa ya mwezi Machi, aya ya tatu. Hakupunguza hata neno moja.

"Umeisoma wapi?" Loisi aliuliza polepole.

Obedi alimtazama kama mtu anayengoja jambo zaidi. Lilipokosa kuja, akainamisha macho. "Si unaujua muziki huu wewe? Basi unajua."

Jibu gani hilo? Loisi aliligeuzageuza siku nzima. Ama anajua mimi ni nani, aliwaza, na upendo wake wote ni mchezo. Ama hajui, na ni mwizi wa mawazo ya watu. Hakuona mlango wa tatu. Kilichomwuma ni kwamba alikuwa amekwisha kumpenda, tena sana, na hakujua anampenda nani. Akimwangalia machoni aliona mtu mwema. Akimsikiliza alisikia maneno yake mwenyewe.

Walipoingia mwezi wa tatu tangu wajuane, Obedi alisema, "Mpenzi, nataka mzee Stanley aende Mpwapwa kumwona baba yako. Ni baba yangu mdogo, anajua kuzungumza. Jumapili mbili zijazo, ukiruhusu."

"Nipe hadi Jumapili hii nikujibu."

"Kuna kinachokutatiza?"

"Kipo. Ukifaulu utakijua."

Obedi alicheka akidhani ni utani.

* * *

Jumamosi hiyo Mzee Nyuzi alitoa maoni juu ya albamu mpya ya bendi moja iitwayo Geti la Nyuma. Loisi alikuwa ameisikiliza mara tatu. Ilikuwa albamu dhaifu: ngoma zimerekodiwa kama zimefunikwa blanketi, na mwimbaji anarudia ubeti mmoja hadi unamhurumia. Lakini aliisifu. Aliandika kwamba uzuri wote umo katika wimbo wa tano, pale kinanda kinapoingia kimya kimya na kuuokoa wimbo.

Wimbo wa tano haukuwa na kinanda. Albamu nzima haikuwa na kinanda.

Jumapili walikaa chini ya mwavuli ule ule. Loisi alivaa gauni la kijani na hereni ndogo. Hakungoja chakula.

"Geti la Nyuma wametoa albamu. Umeisikia?"

"Nimeisikia."

"Unaionaje?"

Jasho lilimtoka Obedi juu ya mdomo. Akachezea kifuniko cha soda, akakiweka, akakichukua tena.

"Sijui," alisema mwishowe.

"Hujui? Wewe?"

"Nimeisikiliza mara nne, Loisi. Nimetafuta kinanda. Nikadhani spika yangu imeharibika, nikaazima ya jirani. Nikafunga kibanda mchana, nikaweka sikio. Kinanda hakipo."

Loisi alihisi moyo wake ukipaa. Angemkumbatia pale pale. Lakini Obedi alikuwa hajamaliza, na uso wake haukuwa wa mtu aliyeshinda kitu.

"Kuna mzee mmoja anaandika mtandaoni. Mzee Nyuzi. Huyo ndiye aliyenifundisha muziki huu, tangu siku niliyokuta ukurasa wake nikiwa sina hata mtu wa kumwuliza. Jana amesema uongo. Sijui kwa nini. Mtu mzima kama yule!"

"Kwa nini hukunitajia jina lake siku zote hizi?"

"Nikutajie?" Alishangaa kweli. "Marehemu babu yangu alikuwa mpiga zeze. Alinifundisha hivi: unapiga kama yeye, sauti kwa sauti, huongezi hata ukucha wako, mpaka siku atakayokuambia sasa weka lako. Na humtaji. Ukipiga tu, anayelijua zeze anasema, huyu ametoka kwa fulani. Nilidhani na wewe ukisikia utajua nimetoka kwa Mzee Nyuzi. Nilikuwa natamba naye kwako, basi."

Loisi alitazama meza. Alikuwa na nafasi ya kunyamaza. Mtu mwerevu zaidi angenyamaza.

"Obedi, Mzee Nyuzi ni mimi."

Obedi alicheka. Kisha akaona uso wake, akaacha.

"Wewe?"

"Mimi. Nilikusikia ukisema maneno yangu siku ya kwanza sokoni. Nikaweka kile kinanda ili nikupime."

Obedi aliinuka nusu, akakaa tena. "Kuna mtu kwenye ukurasa wako anaitwa Karanga Tamu."

Loisi alimkumbuka. Kila Jumamosi, kabla ya mtu mwingine yeyote, Karanga Tamu aliandika: Shikamoo mzee, nimesoma, asante.

"Ni wewe?"

"Nimekupa shikamoo miaka miwili, Loisi! Nimekuzidi miaka mitatu, na kila wiki unaniitikia marahaba, mwanangu!"

Siku nyingine wangecheka hadi meza ianguke. Loisi alianza kutabasamu. Obedi hakutabasamu.

"Miezi mitatu," alisema, sauti imeshuka. "Nakwambia nakupenda, na wewe unaandika kichwani nimesema nini na nimekitoa wapi. Niliamini nina mwalimu na nina mchumba. Kumbe nina hakimu mmoja."

"Nisamehe, mpenzi. Nilishindwa kukuamini."

"Hilo nimeliona." Akasimama. "Mzee Stanley asisumbuke na safari."

Akaondoka na shati lake lililokakamaa, kuku hajaletwa.

* * *

Obedi hakupokea simu siku hiyo wala siku kumi na mbili zilizofuata. Loisi alikwenda Majengo akakuta kibanda kimefunikwa turubai. Mwanamke wa vitunguu wa jirani, aitwaye Yudith, alimtazama kutoka rabani hadi kichwani.

"Amekwenda Kibakwe kufuata mzigo. Wewe ndiye yule?"

"Yule nani, dada?"

"Aliyemfanya akazima spika."

Kazini Restuta alijaribu kumfariji. "Mwache. Mtu anayekariri namna ile, utajuaje akiwa nyumbani anasema la kwake?"

Swali hilo lilimchoma kwa sababu alikuwa nalo yeye pia. Hata sasa, akimlilia Obedi, alijiuliza kama chini ya yale maneno ya kukariri kulikuwa na mtu. Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo hakuhitaji kulishuku, nalo ni kosa lake. Amewadanganya wasomaji wake ili kumkamata mmoja. Kumbukumbu ikikosewa hurekebishwa hadharani, na aliyekosea hutajwa. Hiyo ilikuwa sheria ya kazi yake, na alikuwa ameidai kwa Obedi bila kuifuata yeye.

Jumamosi aliandika hivi:

"Wiki mbili zilizopita nilisifu kinanda kilichopo katika wimbo wa tano wa albamu ya Geti la Nyuma. Kinanda hakipo, na nilijua hakipo. Albamu ile ni dhaifu. Anayeandika hapa si mzee. Ni Loisi, binti wa mwinjilisti Luka, mwimbaji wa kwaya, mkazi wa Chang'ombe. Nawaomba radhi wote, na zaidi Karanga Tamu, aliyetafuta kinanda hicho kwa uaminifu kuliko nilivyostahili. Shikamoo yake namrudishia."

Aliituma kabla ujasiri haujamtoka. Saa saba mchana simu ililia. Alikuwa baba yake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nimesomewa ulichoandika. Nikasema wanipe nisome mwenyewe."

"Ndiyo, baba."

"Habari za hayo magitaa sikuelewa. Tutazungumza, tena sana. Lakini umekosa na umesema umekosa, na huko ndiko nilikokulea." Akakohoa. "Na huyu Karanga Tamu ni mtoto wa nani?"

"Wa Kibakwe, baba. Lakini amekasirika."

"Mkristo?"

"Ndiyo, baba."

"Basi atapoa," alisema mwinjilisti Luka, akakata.

* * *

Jumatano saa kumi, ujumbe uliingia: Nipo Majengo. Njoo ukiweza.

Turubai lilikuwa limeondolewa. Obedi alikuwa amekaa juu ya gunia jipya, amevaa fulana ya kijivu isiyopigwa pasi, na spika ilikuwa ikipiga bendi ambayo Loisi hakuwahi kuisikia.

"Ni akina nani?"

"Wa Lusaka. Nimewakuta mwenyewe." Hakumkaribisha kukaa, lakini alisogea kwenye gunia, ikawepo nafasi. "Nilisoma."

"Nilifanya vibaya, Obedi."

"Ulifanya vibaya. Na mimi ningeweza kukutajia jina." Akaongeza sauti ya spika kidogo. "Sikiliza."

Wakasikiliza wimbo mzima bila kusema, wateja wakipita. Ulipokwisha, Obedi alisugua viganja vyake magotini. Safari hii hakusimama wima. Alizungumza akitafuta, akirudi nyuma.

"Mimi naona... unajua msibani kuna yule anayelia kwa sauti, watu wanamshika. Halafu kuna yule aliye nyuma ya nyumba, anapasua kuni tu, hasemi na mtu. Na yeye ndiye aliyefiwa zaidi. Sasa huyu wa besi, mimi naona huyu wa besi anapasua kuni."

Loisi aliupitia wimbo ule tena kichwani.

"Besi imezidi," alisema. "Inafunika gitaa."

"Haijazidi!"

"Imezidi, Obedi. Fundi wao alilala."

"Wewe sikio lako limezoea hotuba! Rudisha wimbo nikuonyeshe."

Walibishana mpaka Yudith akawaambia wanafukuza wateja. Walipoagana, Obedi alimshika mkono kwa vidole vyenye vumbi. "Mzee Stanley bado ana nauli. Aende au asiende, useme wewe."

"Nitakupigia."

Ndani ya bajaji, kabla hawajatoka sokoni, Loisi alifungua simu. Aliona aibu kwa alichotaka kufanya, na alikifanya. Aliandika maneno ya Obedi yote, neno kwa neno: msiba, besi, anayepasua kuni nyuma ya nyumba. Akatafuta kwa Kiswahili. Akatafuta kwa Kiingereza. Simu ikamletea wauza mashoka, ratiba za mazishi, na mtu wa Kahama anayetengeneza majiko. Akarudi kwenye kurasa za bendi ile ya Lusaka, akasoma kila maoni yaliyowahi kuandikwa, hadi Chang'ombe.

Hakuna mtu, mahali popote, aliyewahi kuyasema.

Akapiga. Obedi alipokea kabla mlio wa kwanza haujaisha.

"Aende," alisema Loisi.

"Umeniamini sasa?"

"Nimekuchunguza kwanza."

"Lini?"

"Sasa hivi, kwenye bajaji."

Akasikia pumzi yake, kisha kicheko kikubwa, na nyuma yake wauza vitunguu wakinadi. "Wewe mwanamke! Na umekuta nini?"

"Nimekukuta wewe," alisema. "Na besi bado imezidi."

Akakata simu kabla hajajibiwa.