Bosi Asiye na Jina

Kila Alhamisi akitoka shule, Dan-bi alimshika babu yake mkono wakaenda kwa Daktari Pyo, kwenye nyumba ya tiba pale mjini Gwangju. Mama huyo alikuwa na vituko vyake: havai koti jeupe, hafungi mlango, wala hamgusi mtu kabla ya kuomba.

"Mzee Seo, naomba mkono. Ukininyima, tutakunywa chai tuwasengenye majirani."

Ujanani, babu alifungwa na wanajeshi akateswa. Huko, mwenye koti jeupe ndiye aliyempima mapigo ya moyo, ili wenzake wajue kama waendelee.

Siku moja babu aliingia kwenye mgahawa wa tambi wa mama yake Dan-bi. Mji ule kila mteja wa kiume huitwa bosi, hata mwenye soksi zilizotoboka. Dan-bi, mtoto wa mdomo, akainama kwa madaha.

"Karibu ukae, bosi."

Babu hakucheka. Alitambaa chini ya meza, akajifunika kichwa, akaanza kuwaomba radhi watu wasiokuwepo.

Mama akatoka jikoni mbio. "Umemfanya nini?"

"Sijui. Labda tumbo. Amekula kabichi iliyochacha."

"Kabichi yetu yote imechacha, ndivyo inavyoliwa. Sema vizuri."

Hadi jioni babu hakutoka, hata maji hakunywa. Mama akampigia simu Daktari Pyo, naye akaja, akaketi sakafuni mbali kidogo na meza.

"Nini kilisemwa kabla hajaingia humo?" akamwuliza Dan-bi.

"Ni tumbo, Daktari."

"Dawa ya tumbo ninayo. Lakini tumbo haliombi radhi, binti. Nikitibu uongo, babu yako atabaki humo humo."

Machozi yakamtoka Dan-bi. "Nilimwita bosi. Nilikuwa namtania tu."

Daktari akashusha pumzi. "Waliomtesa waliitana hivyo, asije akajua jina la hata mmoja wao." Akageukia meza. "Mzee Seo, mimi ni Pyo Yun-hui, mtoto wa muuza tofu ya soya. Mlango uko wazi. Na wewe, binti, jitambulishe."

"Mimi Dan-bi, babu. Mjukuu wako. Yule msumbufu."

Kisha sauti nyembamba ikatoka chini ya meza: "Mimi Seo Gap-su."

Mkono ukatokeza. Daktari hakuudaka.

"Niushike?"

"Shika."

Baadaye, nje ya mgahawa, daktari alimwambia Dan-bi, "Utani sikulaumu, hukujua. Nakulaumu kwa lile tumbo. Mficha maradhi kifo humuumbua, nawe ulificha ya mwenzako. Sisi tunaotibu watu hawa tunatembea gizani. Ukweli wenu ndio taa yetu."

"Atapona?"

"Leo atakula. Kwa leo inatosha."

Ndani, babu alikuwa ameegemea ukuta na bakuli mkononi, macho mlangoni. Kila akimeza, alilitaja jina lake polepole, kama mtu anayehakikisha bado lipo.