Jina Lililobaki Majanini

Sitan alitoka kwenda kisimani jua likiwa limebakiza kimo cha ghala la mtama. Pombe ilikuwa jikoni siku ya pili, nayo pombe ya mtama haimsubiri mtu. Maji yakipungua inaungua, na mama mkwe angelisema hilo mpaka mavuno mengine.

Tangu alfajiri vinyago vya majani, wanaume waliojifunika majani mwili mzima, vilikuwa vimepita kila ua, vikipangusa kuta na watu, vikizoa uchafu wote wa mwaka: magonjwa, chuki, maneno ya kichinichini. Jioni vilirudi porini. Huko wanaume huvua majani na kuyateketeza kabla jua halijazama. Kila mke humtambua mumewe ndani ya majani, kwa mwendo au kwa goti, na kila mke hujifanya hamjui. Jina la mtu halitajwi mbele ya majani.

Karibu na kisima akasikia kitu.

Chakacha... chakacha...

Ikaja harufu ya majani mabichi. Na chini ya harufu hiyo, kitu kilichooza.

Kinyago kilisimama njiani, kimempa mgongo. Sitan aliinamisha macho kama alivyofundishwa, na ndipo alipouona mguu wa kushoto. Kidole cha mwisho hakikuwepo. Jembe lilikikata mwaka waliooana, na ni yeye aliyekifunga kidonda.

Jua lilibaki ukingo tu. Kwa nini mumewe hajavua? Hofu ikaishinda adabu. Wahenga hawakukosea: mdomo uliponza kichwa.

"Zezuma," akanong'ona. "Jua linazama. Vua, mume wangu."

Majani yakaacha kuchakacha.

Kinyago kikageuka. Palipopaswa kuwa na macho ya mtu palikuwa na majani. Na nyuma ya majani... majani.

"Naam," kikasema.

Vinyago havisemi lugha ya watu. Hiki kilisema polepole, kama mtu anayejaribu kiatu kipya.

Sitan aliuangusha mtungi akakimbia. Uani alimkuta Zezuma kwenye kigoda, akinawa miguu. Alisema amerudi kitambo, kisha akamcheka mkewe anavyohema kama mbuzi aliyekata kamba.

Sitan akaitazama miguu ile. Wa kushoto ulikuwa na vidole vitano.

Asubuhi alikwenda kwa mzee Fabere, mhunzi anayesimamia vinyago, akamweleza yote. Mwishowe mzee aliweka nyundo chini.

"Mumeo alivua, nilimwona kwa macho yangu. Tukageuka kuchukua moto. Tulipogeuka tena, majani yake hayapo."

"Yamekwenda wapi, baba?"

"Yalikuwa majani tu, mwanangu. Yalizoa kilema cha mguu wake, lakini jina hayakuwa nalo mpaka ulipoyaita." Akajifuta uso. "Usimwite tena kwa jina. Na mtu yeyote asimwite."

Sitan alitii. Alimwita mwenzangu, alimwita wewe, na majirani aliwaomba wafanye hivyohivyo kwa kisingizio cha nadhiri. Ni mama mkwe tu ambaye hakumwambia. Aliona aibu. Angeanzaje kumwambia mzazi kwamba amempoteza mwanawe kwa neno moja? Siku tatu zikapita salama. Zezuma alilima, alikula, alicheka, hata Sitan akaanza kulala.

Siku ya nne, magharibi, walikuwa wakila ugali wa mtama na mchuzi wa bamia. Mama mkwe akaita kutoka chumbani kwake.

"Zezuma, mwanangu, niletee kibuyu changu."

Mwanamume aliyeketi mbele ya Sitan hakuinua kichwa.

Nyuma ya ukuta wa ua...

Chakacha... chakacha...

"Naam, mama. Nakuja."

Mumewe akalishika tonge bila kulitia mdomoni. Akamtazama Sitan kwa macho ya upole, macho ya mgeni aliyekaribishwa vizuri.

"Mama anamwita nani?"