Manyoya Mekundu kwenye Utomvu

Kila asubuhi baba alikamua ng'ombe, kisha akawafungulia lango la shamba la miti. Miti ya mbao ilikuwa bado michanga, imemfika kifuani. Nyasi zilikuwa zimestawi katikati yake.

"Wao wapalilie, mimi nipumzike," alizoea kusema. Aliwatundikia hata jiwe la chumvi kwenye mti wa katikati, wasizurure.

Miti ile ndiyo ingeijengea familia nyumba. Basi siku alipokuta vilele vimevunjika na magome yamechubuka, alipandwa na hasira. Hakuuliza mtu. Alikwenda moja kwa moja kituo cha maziwa, akamkuta jirani yake, seremala, kwenye foleni.

"Mbuzi wako wamenimaliza!" alifoka mbele za watu. "Huna haya? Unakula kwa mbao, halafu unaua miti ya mwenzio!"

Seremala aliweka ndoo chini. "Twende tukaone, ndugu yangu."

Walikwenda, mama akawafuata. Seremala alipita mti hadi mti. Kwenye utomvu wa mti mmoja akabandua manyoya mekundu. Mbuzi wake wote walikuwa weupe.

Kabla hajasema neno, ng'ombe mwekundu alikuja kulamba chumvi. Akashiba, akajikuna shingo kwenye mti wa pembeni. Kilele kikavunjika, kak!

Baba alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Nilikwambia ng'ombe wataivunja, baba watoto," mama alisema polepole. "Ukanijibu kwamba mambo ya miti siyajui."

Baba hakuweza kumtazama yeyote. "Sasa nifanyeje?" aliuliza.

"Ng'ombe na miti vinapatana," seremala alijibu, "ila haraka haraka haina baraka. Watoe kwanza. Kata nyasi, uwapelekee zizini. Miti ikiwapita kimo na mashina yakinenepa, waingize."

"Wote kwa pamoja?"

"Gawa shamba vipande. Nyasi zikipungua hapa, wahamishie pale. Ng'ombe mwenye njaa hutafuna magome. Kukiwa na tope, wasiingie, watashindilia udongo. Pogoa matawi ya chini, jua lifikie nyasi. Na hiyo chumvi, shemeji, iondoe hapa. Iweke uwanjani, mbali na miti."

Mama aliifungua kamba palepale.

Kesho yake baba alisimama kituo cha maziwa, mbele ya watu walewale. "Mbuzi wa seremala hawana kosa. Ng'ombe ni wangu, na lango nililifungua mimi. Nisamehe, ndugu yangu."

Watu wengine walicheka. Seremala hakucheka. Alisogea, akampisha kwenye foleni.

Leo miti ile ni mirefu na imenyooka. Ng'ombe wanakula nyasi chini yake kwa zamu, na jua likiwa kali kivuli kinawafaa, maziwa hayapungui kama zamani. Mama ndiye anayesema lango gani lifunguliwe. Baba hufungua bila ubishi.

Lakini mbuzi weupe wakipita barabarani wakilia, yeye bado huinamisha macho.