Bibi Harusi wa Sebuleni

Sogeeni karibu, wazazi wenzangu, na aliyeshika simu aiweke chini kidogo. Haya ninayowaeleza yalitokea katika nyumba safi, ya watu wasiogombana, siku ya Jumamosi, mchana kweupe.

Mama wa nyumba hiyo alikuwa fundi cherehani. Siku hiyo alikaa kwenye chumba chake cha kazi akipinda gauni la harusi la mteja, na mlango ameuacha wazi ili amsikie bintiye sebuleni. Binti alikuwa na miaka minne, na kwa mdomo aliojaliwa walimwita Chiriku. Aliongea na viti, aliongea na viatu, na zaidi ya vyote aliongea na samaki wa kwenye tangi la kioo kando ya televisheni. Mama hakuwa na haja ya kwenda kuchungulia. Maadamu maneno yanamwagika, mtoto yuko salama.

Samaki huyo ndiye mwenye hadithi, basi tumjue kwanza.

Aliletwa miezi mitatu kabla na baba wa nyumba, fundi wa mafriji ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi Barafu. Hoteli moja aliyokuwa akiihudumia ilifungwa, na tangi la pale mapokezi likakosa mwenyewe. Fundi akaliomba, akapewa tangi na mashine zake na samaki wake. Jamani, yule samaki alikuwa mzuri, lazima tuseme kweli. Mwili mzima mistari, ya wekundu wa hudhurungi na weupe, na mapezi marefu yaliyofunguka huku na huku yakipepea polepole. Samaki wengine ukigonga kioo wanatawanyika. Huyu hakukimbia. Aligeuka taratibu, akakuinamishia miiba kumi na mitatu ya mgongoni, akakutazama.

"Huyu anaitwa Bibi Harusi," Fundi alimwambia mkewe siku ya kwanza. "Si unaona shela lake?"

Mkewe akacheka, na jina likashika. Majirani wakaanza kubisha hodi waje kumwona Bibi Harusi, wakapiga picha, wakauliza maswali, na Fundi kichwa kikavimba. Msimcheke. Maisha yake yote alikuwa mtu wa kuingilia mlango wa nyuma, wa kulala chali chini ya friji za watu bila hata kuulizwa jina. Sasa alikuwa na kitu ambacho watu walikuja kukitazama kwake, na utamu huo ulimlevya.

Lakini mkewe alianza kuingiwa na hofu. Tangi lile lilikuja na visamaki sita vya buluu, na vikawa vinapungua kimoja kimoja bila mzoga kuonekana. Jioni moja, mwanga wa dirishani ulipoanza kufifia, alikaa akatazama. Bibi Harusi, aliyeshinda mchana kutwa amejibanza chini ya jiwe, alitoka. Akafungua mapezi yote, akakisukumiza kisamaki kwenye pembe ya kioo, bila pupa, hadi kikakosa pa kupita. Kisha mdomo ukafunguka mara moja na kisamaki hakipo. Hakukitafuna, alikivuta kizima kizima. Akarudi chini ya jiwe lake akatulia, na mama wa watu pale kwenye kochi nywele zikamsisimka.

"Baba Chiriku, samaki wako ananitisha," alisema mumewe aliporudi. "Hana sumu kweli?"

"Sumu ya nini? Samaki kula samaki mwenzake ndiyo ajabu? Wewe unaogopa hata kivuli chako."

"Na ile miiba ya mgongoni?"

"Mapambo tu yale."

Alijibu huku amempa kisogo, anahangaika na waya wa mashine ambao haukuwa na tatizo lolote. Mkewe aliliona hilo. Lakini alikuwa mwanamke asiyependa ugomvi, akaufunika moyo wake na kwenda kupakua chakula.

Turudi Jumamosi. Asubuhi hiyo Chiriku aliomba kipande cha lesi kilichobaki kwenye gauni, akapewa. Mama alimsikia akisema, "Bibi Harusi, leo nakuvalisha shela jipya, tulia usichafuke," akatabasamu bila kuinua macho. Kisha akakanyaga cherehani amalize upindo mrefu. Cherehani ilipotulia, sebule nayo ilikuwa imetulia.

Alisubiri neno moja, lolote. Halikuja.

Alikuta kigoda mbele ya tangi, mfuniko umesukumwa kando, maji sakafuni, na ile lesi inaelea juu. Samaki alikuwa pembeni, mapezi wazi, miiba imesimama. Chiriku alisimama amenyoosha mkono wa kulia, mdomo wazi, sauti haitoki. Kwenye kidole cha kati kulikuwa na tone dogo la damu. Mama alipomgusa tu, ukelele ukatoka.

Sasa sikilizeni vizuri. Katika nyumba ya Fundi Barafu, kila maumivu yalikuwa na dawa moja. Umeungua, barafu. Umejigonga, barafu. Jino linakusumbua, barafu. Ukumbini yalipangwa mafriji matatu ya kutengenezwa na yote yalijaa barafu. Mama alijaza beseni, akautumbukiza mkono wa mwanawe, akaushikilia.

"Vumilia, mwanangu. Baridi itapoza sasa hivi."

Haikupoza. Maumivu yalipanda kutoka kidoleni hadi kiwiko, na kila yalivyopanda mama aliongeza barafu. Kiganja kikavimba. Mtoto akatapika, akaanza kutetemeka. Mama alimpigia mumewe simu, haikupatikana, akapiga tena, na tena, kwani Fundi alikuwa ndani ya chumba baridi cha bucha, nyuma ya mlango mnene wa chuma. Nusu saa nzima mkono ulikaa kwenye barafu. Mara ya nne akapokea.

"Baba Chiriku, Bibi Harusi kamchoma mtoto."

Upande wa pili wa simu spana ilianguka sakafuni.

"Umenisikia? Mkono umevimba, anatapika."

"Ka... kamwiba tu hako," Fundi alisema, lakini sauti haikuwa yake. "Itapoa."

"Haipoi. Nimeweka barafu na haipoi. Huyu samaki anaitwaje?"

"Si Bibi Harusi?"

"Nataka jina lake. Lile ulilopewa hotelini."

Alimsikia akihema. Nyuma yake mota ya chumba baridi inanguruma, na huku mtoto analia kilio kilichoanza kukauka.

"Samaki-simba," Fundi alisema. "Miiba yake ina sumu. Mtunzaji wake wa kule hotelini aliniambia yote. Toa barafu, mama Chiriku. Alisema maji ya moto, ya kuvumilika, ndiyo yanayovunja hiyo sumu. Moto, si baridi. Halafu mkimbize hospitali."

Mama aliitupa simu kochini. Aliimwaga barafu sakafuni, akachukua chupa ya chai iliyokuwa na maji ya moto, akayachanganya na ya bomba, akayapima kwa kiwiko chake kama anavyopima maji ya kumwogeshea mtoto, akautumbukiza mkono. Kidogo kidogo kilio kikashuka. Jirani mwenye gari akawapakia, beseni mapajani. Njiani Chiriku alianza kuhema kwa mluzi, midomo ikapauka, na mama yake akawa anamwomba aongee, aseme chochote, hata upuuzi. Mtoto alimtazama tu.

Daktari alimwekea hewa, akamchoma sindano, akauliza mkono ulikaa muda gani kwenye barafu. Alipojibiwa akatikisa kichwa.

"Nani aliwaambia barafu?"

"Hakuna aliyeniambia kitu," mama alisema.

Fundi aliingia akiwa bado na koti zito la kazini, jasho linamtoka. Alisimama miguuni mwa kitanda, akashindwa kumgusa mwanawe.

"Ningekwambia ni simba, ungekataa," alisema kwa sauti ya chini.

"Ningekataa. Wewe ulijua hilo, ndiyo maana ukamtafutia jina lingine."

Fundi alikaa kwenye sakafu ya wodi akalia, mbele ya wagonjwa na wauguzi. Majuto ni mjukuu, na wake alikuwa amelazwa pale juu ya kitanda.

Chiriku alikaa hospitali siku nne, akapona. Kidole cha kati hakikunjiki mpaka leo. Samaki alichukuliwa na yule mtunzaji wa zamani, kwenye ndoo yenye mfuniko wa kufunga, na hakuna aliyemlaani. Yeye hakuwinda mkono wa mtoto, alijilinda, na rangi zake alizivaa wazi tangu siku ya kwanza.

Wiki moja baadaye, Fundi alimletea bintiye kikombe cha maziwa. Mtoto hakukipokea. Alikificha kiganja chake nyuma ya mgongo.

"Baba, jina lake la kweli ni nani?"

"Ni maziwa, mwanangu."

Chiriku akageuka akamtazama mama yake. Mama akakichukua kikombe, akaonja, akatikisa kichwa kukubali. Ndipo mtoto akanyoosha mkono, na baba yake akatoka nje.

FUNZO

Ndugu zangu, mficha maradhi kilio humfichua. Ukileta nyumbani kitu chenye hatari, iwe mnyama, dawa, chombo cha umeme au silaha, kitaje kwa jina lake mbele ya kila anayelala chini ya paa lako, na kama kuna dawa yake itaje pia. Jina zuri halipunguzi sumu. Na wewe uliyejibiwa swali kwa kisogo, usiende kupakua chakula, simama uulize tena. Sifa za majirani huisha wakivaa viatu vyao kuondoka. Imani ya mtoto ikishavunjika, utaitafuta kwa kikombe kimoja kimoja, kila kimoja akikuuliza jina lake.